Ng'ombe Aliyelia Mvuani

Viatu vilikuwa vimeongezeka. Jana Kobe alivikuta safu moja tu kwenye baraza ya Ofisi ya Kinga na Maafa. Leo safu zilikuwa zimeshuka hadi uani. Ndala zilizokatika kanda, viatu vya shule, kiatu kimoja cha harusi kisicho na mwenzake, vyote vimejaa tope la mafuriko lililokauka likawa gumu kama tofali. Kila aliyepotelewa na mtu wake alileta kiatu, akakiweka, akaenda zake bila neno. Mara ya kwanza wafagizi walivizoa. Vikarudi vingi zaidi. Sasa wafanyakazi wa ofisi waliingia kazini kwa kurukaruka, suruali wamezikunja, kama kuku waliokanyaga majivu ya moto.

Kobe hakuruka. Alisimama, akatafuta pa kuweka mguu, akauweka, ndipo akatafuta pa kuuweka wa pili. Ndiyo maana tangu chuo cha upelelezi waliomfahamu walimwita Kobe, na lile koti lake zito asilolivua hata jua likiwaka lilizidi kulikaza jina. Naye hakulichukia. Kobe hafiki wa kwanza, lakini akifika huwa amefika na nyumba yake.

Juu ya baraza, ukuta mzima, kilining'inia kitambaa kipana cha maandishi mekundu: TUKO TAYARI. Kilitundikwa mchana uliotangulia usiku wa mafuriko, kwa ajili ya sherehe ya Siku ya Kujiandaa na Maafa. Sherehe haikufanyika, na hakuna aliyekumbuka kukishusha. Ubavuni mwa jengo mazulia ya ofisi yalikuwa yameanikwa juu ya mbao ndefu, yakichuruzika maji ya rangi ya chai.

"Ndiye wewe uliyeletwa kutuambia mzee alilala?"

Aliyesema alikuwa mwanamke mnene kidogo, kucha zake nyeusi kwa mkaa auzao. Mkononi alishika ndala kubwa ya kiume. Aliinama, akaiweka mwisho wa safu, akainyoosha ielekee mlangoni kama ya mgeni aliyeingia ndani na atakayetoka muda si mrefu.

"Pole, dada," alisema Kobe.

"Pole ninazo za kujaza debe, kaka. Nipe jibu. Jana nimekisikia king'ora kwa masikio yangu. Kimelia mpaka kikombe kikanitoka mkononi. Ni wewe uliyekizungusha?"

"Ni mimi."

"Basi ni kizima. Na kama ni kizima, yule mzee alilala, mume wangu akafa. Kuna hesabu nyingine hapo?"

Hapo ndipo Kobe alipokwama. Alikuwa ametumwa kwa jambo dogo: athibitishe yaliyokwisha kusemwa na kamati, kwamba usiku wa mafuriko king'ora hakikulia kwa sababu mlinzi wake alipitiwa na usingizi, na maji yalipomwamsha akakimbia. Mlinzi alikuwa rumande. Alasiri ya leo wananchi wangekusanyika uwanjani wasomewe matokeo, na sahihi ya Kobe ilingojewa chini yake. Jana, ili asisaini kwa macho ya watu wengine, alikwenda kwenye wodi ya wazazi ambako king'ora kimefungwa paani, akaingia kibandani chini, akashika mpini na kuuzungusha. Mji mzima ukatoka nje. Kwa jaribio lake mwenyewe akawa amemkaza mzee kitanzi.

"Usiku ule ulisikia nini?" aliuliza.

"Ee, wewe! Si nimekwambia sikusikia?"

"King'ora hukusikia. Ulisikia nini?"

Muuza mkaa alimtazama kama mtu anayepima gunia. "Mvua juu ya bati. Na ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Analia kwa mbali. Analia, anapumzika, analia tena, kama mwenye mafua. Mume wangu akasema, 'Huyo anazaa, maskini.' Tukajifunika, tukalala."

"Mtaa wenu nani anafuga ng'ombe?"

"Kwetu kule? Tulivyobanana vile, hata kuku wanaomba nafasi ya..." Mkono wake ulibaki hewani. "Sasa yule ng'ombe alitoka wapi?"

Kobe alimwomba radhi, akatafuta pa kuweka mguu, akaingia ndani.

*

Mkuu wa Ofisi alikuwa mtu nadhifu mwenye sauti ya upole, mwepesi wa kukaribisha. Mjini walimwita Mkuu wa Maafa, na waliomwita hivyo waliongeza kwamba maafa tumeyapata, bado kinga. Alimimina chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Umeona vile viatu," alisema. "Watu wana uchungu, siwalaumu. Wanataka mtu wa kumshika. Tukichelewa kuwapa, watashika yeyote."

"Kwa hiyo unawapa mzee."

"Nawapa ukweli, Bwana Mpelelezi. King'ora ni kizima, umekijaribu mwenyewe. Asubuhi ya siku ile pia kilijaribiwa, kama kila wiki."

"Ulikisikia?"

"Nilikuwa na maandalizi ya sherehe. Kichwa kilikuwa kimejaa."

"Hapa na wodini ni uwanja tu katikati. Jana nilipokizungusha, makarani wako walitoka nje wameziba masikio."

"Basi labda nilikisikia nikasahau." Akacheka kidogo. "Kitu cha kila wiki hakikai kichwani."

Kobe alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka zamani. "Nilikuwa nawaza. Kama usiku ule kiligoma kwa sababu fulani, mzee si angepanda paani akakitazama?"

"Angepandaje bila ngazi?" Mkuu alisogeza karatasi mbele ya mgeni wake, akaweka na kalamu juu yake. "Alilala. Mimi namhurumia, amempoteza mkewe katika maji yaleyale. Lakini alilala. Weka sahihi, alasiri tupumzike sote."

"Kalamu ninayo," alisema Kobe, akamaliza chai, akaaga. Karatasi aliikunja akaitia mfukoni ikiwa vilevile.

*

Kituoni, koplo wa zamu alikuwa akihangaika na ufunguo. "Afande, huyu mzee ukimpa chakula anashukuru, ukimfokea anashukuru. Mahabusu wa hivi anatia aibu. Nimemwambia, baba, nitukane japo kidogo, nilale vizuri."

Mlinzi wa king'ora alikuwa ameketi kwenye kona ya rumande, magoti kifuani. Alijaribu kusimama. Kobe akawahi kuketi chini, ili mzee asilazimike.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mpya?"

"Ndiye mimi." Kobe alinyoosha mkono, na mzee alipoupokea hakuuachia. Aliugeuza taratibu, kiganja kikatazama juu, penye mwanga wa dirisha. Mzee hakuuvuta. Kwenye shina la kidole gumba na chini ya kila kidole ngozi ilikuwa imechunika na kuota upya, laini, nyekundu kama ya kichanga. Mkono wa pili ulikuwa hivyohivyo.

"Kamati imeandika kwamba umechubuliwa na kamba, waokoaji walipokuvuta."

"Kama wameandika, basi."

"Kamba huchana kiganja katikati, baba, kutoka huku kwenda huku. Tazama wangu." Kobe alifungua kiganja chake. Pale kwenye shina la kidole gumba palikuwa na lengelenge dogo la jana. "Mimi nilizungusha mpini ule muda wa kuimba wimbo mmoja. Wewe ulizungusha mpaka nyama ikatoka. Hukulala."

Mzee aliutazama ukuta.

"Andika nililala, mwanangu."

"Mikono inakataa."

"Mikono haijaulizwa. Nimeulizwa mimi."

"Unamficha nani?"

Nje koplo alikuwa akipiga mluzi, akaacha. Mzee aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mwingine asiyekuwemo chumbani. "Mama wa nyumbani kwangu alikuwa haogopi mvua. Majirani wakihama, yeye anatandika kitanda. Anawaambia, 'Mume wangu akiniita nitatoka. Hajaniita bado.' Watu waliofiwa ni wengi, mwanangu, na hasira haina macho. Ikianguka kwangu, imeangukia mzee. Nimekwisha kula chumvi yangu. Ikianguka kwa wengine, itaangukia penye watoto. Andika nililala."

Kobe alinyanyuka. Alipofika mlangoni mzee aliuliza, "Mjukuu wangu amepewa jina?"

"Bado. Nasikia mama yake amekataa mpaka sasa."

"Tulikubaliana jina nitampa mimi." Mzee aliikunja mikono, akaificha makwapani. "Mwambie asinisubiri."

*

Wodi ya wazazi ilikuwa jengo la orofa moja, refu kuliko yote upande ule wa mji, na urefu huo ndio ulioiponza. Ofisi ilipoletewa king'ora iliahidi kukijengea mnara. Jiwe la msingi likawekwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Jiwe lile lipo mpaka leo katikati ya uwanja. Watoto hulikalia wakicheza. Wakati mnara ukingojewa, king'ora kikafungwa paani kwa wazazi, mpini ukawekwa kibandani chini, na mnyororo mrefu kama wa baiskeli ukaunganisha mikono ya mzee na ngoma ya juu. Nyuma ya jengo, kutoka chini, Kobe aliuona mdomo wa king'ora ukielekea mjini, upana wa ndoo.

Ukuta ulikuwa mtupu. Hapakuwa na kitu cha kupandia.

Orofani mkunga alimpokea kwa adabu na kwa macho yasiyotulia. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mikono mikavu kwa kuoshwa mno. Vitanda vilikuwa vimebanana, kwa sababu maji yalimeza chumba cha chini pamoja na kila shuka lililokuwamo kabatini. Kwenye kitanda cha dirishani aliketi binti wa mlinzi, mwana kifuani, macho makavu ya mtu aliyemaliza kulia na hakupata alichokililia.

"Umetoka kwake," alisema kabla Kobe hajafungua mdomo.

"Ndiyo. Anauliza jina la mtoto."

"Mwambie mjukuu wake alizaliwa maji yakinguruma chini ya sakafu ya chumba hiki. Mwambie nilipiga kelele nikimwita mama, kumbe mama naye yuko kitandani anamsubiri yeye amwite." Sauti haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Miaka yote kazi yake ilikuwa moja, kaka. Kukesha. Usiku mmoja tu wa maana, akalala. Jina gani atampa mtoto? Usingizi?"

"Taratibu, mwanangu, maziwa yatakauka," alisema mkunga.

Mtoto alipiga chafya. Wote watatu wakasema "Kua!" kwa pamoja, na kwa kitambo chumba kikawa chumba tu, na watu wakawa watu. Binti alimfuta pua kwa ncha ya blanketi. Ndipo Kobe alipolitazama blanketi lenyewe.

Lilishonwa kwa vipande vya flaneli: bata wa njano, sungura wa bluu, bata tena. Lilikuwa nene, tabaka juu ya tabaka, na halikuwa na pembe, lilikuwa duara. Ukingoni lilipindwa na kutobolewa vitundu, na ndani ya vitundu ilipita kamba, kama ya mfuko. Na katikati, chini ya miguu midogo, palikuwa na alama ya kutu, pete nzima, upana wa ndoo.

"Mtoto huyu ana blanketi la ajabu," alisema Kobe polepole. "Limefungwa kamba kama kofia."

Beseni lilimponyoka mkunga. Maji yalitapakaa mpaka chini ya kitanda cha tatu, na wazazi wakacheka, wakamwambia Mama Mkunga leo umechoka, kalale. Hakucheka. Alimwashiria Kobe, akatangulia kwenye chumba cha kufulia, akafunga mlango.

"Ni kofia," alisema, mgongo mlangoni. "Kofia ya king'ora. Niliishona mimi na wazazi wa hapa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila wiki kilijaribiwa juu ya vichwa vya watoto! Una mtoto? Kuna wale wanaozaliwa kabla ya wakati, wadogo kama mkate. Kikilia, mmoja anabadilika rangi, mwingine anasahau kupumua. Nilikwenda ofisini, nikaambiwa ningoje mnara. Nikaenda tena, nikaambiwa kwani wewe unapinga maendeleo? Basi tukashona. Yule mzee akakubali. Siku ya jaribio anapanda, anakivika kofia, anashuka, anazungusha. Kinanguruma kidogo tu, anajua ni kizima. Anapanda tena, anavua. Hakusahau hata siku moja. Watoto wakalala."

"Na siku ile?"

"Siku ile alikivika, akashuka, akawa kibandani anazungusha. Likaja gari la ofisi. Vijana wakachukua ngazi. Walikuwa na haraka ya kutundika mapambo ya sherehe. 'Tunairudisha sasa hivi, mzee wetu.' Alipotoka kibandani, ngazi imekwenda." Alijifuta uso kwa mkono mkavu. "Akaifuata ofisini. Akarudi. Akaifuata tena. Alirudi mnyonge, akaniambia, 'Mkuu amesema kesho, baada ya sherehe.' Nikamwambia basi, kesho si mbali. Mimi huyu, kwa mdomo wangu. Usiku mvua ikaja."

"Ulikisikia?"

"Juu ya kichwa changu! Kikilia na kofia yake kama ng'ombe aliyefungwa mdomo. Nikajua mara moja. Lakini kichwa cha mtoto wa binti yake kilikuwa mkononi mwangu, ningemwachia nani? Nilipofika dirishani kibanda kilikuwa kimezama nusu, mlango umeng'oka, maji yamemfika mzee kidevuni, bado anazungusha. Bado anazungusha, kaka. Kisha maji yakambeba. Asubuhi waokoaji walishuka paani kwa kamba kutoka kwenye helikopta. Mmoja akaikuta ile kofia, akafikiri imepeperushwa na upepo. Akanitupia: 'Mama, funika watoto.' Sikuwa na shuka jingine. Nikamfunika mjukuu wake."

Kobe aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Asubuhi ileile alikuwa ameuliza swali juu ya chai, akapewa jibu, akalimeza pamoja na chai. Angepandaje bila ngazi?

"Kamati ilikuuliza kuhusu ngazi?"

"Hata mara moja. Kila mtu anadhani ilichukuliwa na maji, pamoja na mlango wa kibanda."

"Nami nilidhani hivyo, tangu nilipoutazama ule ukuta. Basi aliyejua kwamba usiku ule haikuwepo, kabla maji hayajafika, ni mzee, wewe, na aliyeichukua." Alifikiri. "Ilikuwa na alama yoyote?"

"Kipandio cha juu kabisa kilikuwa kikiteleza. Nilikizungushia kipande cha flaneli. Bata wa njano." Mkunga alimkamata mkono ghafla. "Ukisema, wataivamia wodi. Wamepoteza watoto, watakuja kwenye watoto. Hicho ndicho anachokiogopa mzee."

"Sitataja aliyeshona. Lakini kofia naihitaji mpaka jioni."

Alirudi kitandani kwa binti, akaomba aazimwe blanketi. Binti alimkazia macho. "Na mwanangu atajifunika matokeo ya kamati?"

Kobe alivua koti. Wasaidizi wake makao makuu wangeliona jambo hilo wangepigiana simu. Alilikung'uta, akaligeuza upande wa ndani ulio laini, akamfunika mtoto. Mtoto akapotea ndani yake mpaka pua.

"Alasiri njoo uwanjani," alisema. "Huna haja ya kumtazama. Njoo usikilize tu."

*

Alasiri uwanja ulijaa mpaka kwenye jiwe la msingi. Mkuu alisimama barazani, nyuma ya safu za viatu, chini ya TUKO TAYARI, akasoma kwa sauti yake ya upole. Mlinzi alikuwa pembeni kati ya askari wawili. Aliposomewa kwamba alilala aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeombewa dua. Watu hawakupiga kelele. Kulikuwa na mngurumo tu, wa chini kwa chini.

"Na sasa Bwana Mpelelezi atathibitisha," alimaliza Mkuu.

Kobe hakupanda barazani. Akiwa na shati tupu alizunguka ubavuni mwa jengo, mahali mazulia yalipoanikwa. Aliliondoa la kwanza, akalikunja. Akaondoa la pili. Mbao ndefu iliyobaki chini yake ilikuwa na vipandio.

"Dada," alimwita muuza mkaa, "nisaidie upande huo."

Muuza mkaa aliinua kwa bega moja kama gunia la kawaida. Walipoifikisha mbele ya watu, kwenye kipandio cha juu kilionekana kitambaa kilichochakaa, bata wa njano, na juu yake kipande cha kamba nyekundu ileile iliyotumika kutundika maandishi ukutani.

"Asubuhi nilimwuliza Mkuu kwa nini mzee hakupanda paani kukitazama king'ora," alisema Kobe, si kwa nguvu, lakini watu walikuwa wamenyamaza. "Akanijibu, angepandaje bila ngazi. Kamati haikuandika popote habari ya ngazi. Mimi mwenyewe nilidhani imechukuliwa na maji. Hii hapa, chini ya mazulia ya ofisi."

"Ile ni... Vijana waliiazima," alisema Mkuu. "Kwa ajili ya kazi ya umma. Haina uhusiano."

"Uhusiano nitauonyesha. Koplo, mlete mzee kibandani."

Vijana wa zimamoto waliisimamisha ngazi ukutani kwa wodi. Kobe alipanda mwenyewe, kipandio kimoja, akipumzika, kimoja tena. Mtu mmoja akasema, "Huyu akifika juu, mvua nyingine itakuwa imekuja," na wachache wakacheka, kisha wakaona haya kwa kucheka. Alikivika king'ora kofia, akavuta kamba, akafunga. Chini, mzee alisimama mbele ya mpini bila kuugusa.

"Zungusha, baba," aliita Kobe kutoka paani. "Kama usiku ule."

Mzee alitikisa kichwa.

"Zungusha!" Ilikuwa sauti ya mkunga, kutoka dirisha la orofani. "Zungusha, mzee wangu. Mzigo huu nimeuchoka."

Akazungusha. Paani kitu kikanguruma, kizito, kilichofungwa mdomo. Kikalia, kikapumzika mikono ilipobadilishana, kikalia tena.

Muuza mkaa alishika kifua. "Ndiye! Jamani, ndiye yule ng'ombe!"

"Mimi nilidhani upepo," alisema mwanamume mmoja nyuma yake.

"Nami. Kwenye bomba la jirani, nilidhani."

"Alikuwa anatuita," alisema muuza mkaa. "Alikuwa anatuita, na sisi tunajifunika."

Mkunga alikwisha kushuka. Alipita katikati ya watu, mikono mitupu, akasema mbele yao kwamba kofia ile ni kazi ya sindano yake, akaeleza kwa ajili ya nani, na jinsi mzee alivyoifuata ngazi ofisini mara mbili asipewe. Mtu mmoja alitema mate chini, akageuka, akaondoka, na hakuna aliyemzuia. Mama mwingine, mwenye pacha wawili mgongoni na kifuani, alisogea akasimama ubavuni mwa mkunga. Kisha wa pili. Kisha mtu akauliza swali ambalo uwanja mzima ulikuwa nalo mdomoni:

"Na ngazi aliikatalia nani?"

Nyuso zikageuka barazani.

"Hili ni jambo geni," alisema Mkuu, na upole ulikuwa umebaki kwenye midomo tu. "Tutaunda kamati nyingine—"

"Kamati ni hii hapa," alisema muuza mkaa. Alikwenda akaketi chini mbele ya baraza, kando ya ndala ya mumewe, miguu ameinyoosha. "Sisi hatuna haraka, Mkuu. Tuliambiwa tungoje mnara, tukangoja. Kikao kimeanza. Tueleze."

Wakaketi, mmoja mmoja, kila mtu karibu na kiatu chake. Kobe alitoa karatasi mfukoni palepale juu ya paa, akaiandika upya nyuma yake, na sahihi akaitia hapo.

Lakini king'ora kilikuwa bado kinalia. Mzee hakuwa amesikia swali, wala hakuwaona watu wakiketi. Alikuwa amefumba macho, anazungusha, jasho na machozi vikimchanganyikia ndevuni. Ngozi mpya ya viganja ilikuwa imepasuka tena, na mpini ulikuwa na damu. Koplo alimgusa bega. "Baba, imetosha." Hakuacha. Alikuwa usiku ule, na kulikuwa na nyumba moja ambayo bado haijatoka mtu.

Binti alipita katikati ya waliokaa, mtoto amezama ndani ya koti zito lisilo lake. Aliinama kuingia kibandani. Kwa mkono mmoja alimshika mwanawe. Mkono wa pili akauweka juu ya mikono ya baba yake, kwenye mpini, akazunguka nao mara chache mpaka mwendo ukapungua.

"Baba," alisema. "Acha sasa. Nimesikia."